Mbozi tunalisha Zambia, mtoto wa darasa la nne anashindia barafu

Leo sina habari za Simba na Yanga wala nani kamuacha nani huko Dar. Nina ishu moja inanikera tangu juzi, nikaona niimwage hapa, maana wengi wenu mnaosoma hapa mmetoka shule za msingi siku si nyingi na wengine mna wadogo zenu wako huko sasa hivi.

Juzi mtoto wa dada yangu, yuko darasa la nne shule moja huku kwetu Mbozi Mission (shule siitaji, kosa si la shule moja), alirudi nyumbani saa tisa kasoro. Kaingia moja kwa moja jikoni, hajavua hata begi, kachukua kiporo cha ugali akakibugia kikavu bila mboga. Nikamuuliza, "We, kwani shuleni leo hawajapika?" Akasema, "Wamepika mjomba, ila mimi sipo kwenye daftari." Nikauliza daftari gani. Akasema la mwalimu wa chakula, wale ambao kwao wametoa mahindi wanaitwa majina, wanapanga foleni na sahani zao, na wale wasiotoa wanaambiwa wakacheze nyuma ya madarasa mpaka wenzao wamalize. Kumbe dada alikuwa hajapeleka debe lake la pili. Nikamuuliza sasa unakula nini mchana wote? "Nilinunua barafu ya mia mbili."

Sasa angalia tunaishi wapi. Huu ni mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Mbozi ndiyo ghala lake. Pita Mlowo wakati wa mavuno uone magunia ya lumbesa yanavyopangwa kama ukuta wa gereza. Nenda Tunduma pale mpakani uone foleni ya malori yanayovuka kwenda Zambia na Congo. Mwaka 2024 Zambia walipopigwa na ukame mpaka wakatangaza janga la taifa, waligeukia kwetu, na serikali ikaingia makubaliano ya kuwauzia tani 650,000 za mahindi. Sina ugomvi na biashara hiyo, mkulima auze popote penye bei, na jirani akilia njaa unampa. Lakini lori linapita barabarani na tani 30 za mahindi, na mita mia mbili kutoka barabarani kuna mtoto ameambiwa akacheze nyuma ya darasa kwa sababu ya debe moja. Hapo ndipo kichwa changu kinagoma.

Na si mambo ya njaa ya siku moja tu. Utafiti wa lishe wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha Songwe zaidi ya watoto 40 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Takwimu za mwaka 2022 zikaonyesha tumeshuka mpaka kama 32, tunapongeza, lakini bado tuko juu ya wastani wa nchi ambao ni 30. Halafu cheki mikoa inayoongoza kwa udumavu: Iringa, Njombe, Rukwa. Yaani wote ni wale wale wanaolisha nchi. Kwa hiyo tatizo si kwamba chakula hakipo. Kipo, kinapakiwa kwenye lori, na kile kinachobaki nyumbani ni ugali kwa mboga ya majani asubuhi na jioni.

Wengi wanadhani elimu bure maana yake serikali inalipa kila kitu. Hapana. Tangu Januari 2016 ada ilipofutwa mpaka kidato cha nne, Waraka wa Elimu namba 3 wa mwaka huo uligawa majukumu. Serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji, na mzazi anabaki na sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa. Soma tena hapo mwisho: chakula cha mtoto wa kutwa ni cha mzazi. Mtoto wa bweni serikali inamlipia, na kiwango kilichopangwa kilikuwa buku jero kwa siku kwa kichwa. Wa kutwa, ambao ndio karibu watoto wote wa shule za msingi huku kwetu, ni juu yenu wazazi mkubaliane.

Halafu ikaja Januari 2018. Rais Magufuli akatoa agizo kwamba hataki kusikia mwanafunzi kafukuzwa shule kwa ajili ya michango, na walimu wasishike pesa za wazazi. Watu tulishangilia, mimi mmojawapo, maana michango ilikuwa imezidi, mara mlinzi, mara dawati, mara mtihani wa majaribio. Lakini pamoja na uchafu wote ule lilisombwa na debe la mahindi. Walimu wakuu wengi waliingia woga, nani anataka kutumbuliwa kwa ajili ya kande? Mzazi naye akapata kauli ya kumjibu mwenyekiti wa kijiji: "Si rais kasema bure?" Masufuria yakageuzwa kifudifudi. Miaka michache baadaye, mwaka 2021, ukazinduliwa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni, ukirudisha jambo hili mezani kwa wazazi, kamati za shule na halmashauri. Toka hapo shule nyingi zimeanza tena kupika, ila kwa mtindo wa nyie kubalianeni. Na mkikubaliana halafu nusu ya wazazi wasitoe, mwalimu afanye nini? Anafungua daftari. Daftari la mjomba wangu mdogo limezaliwa hapo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana huku mtaani kila mtu analalamika "michango ya chakula ni mikubwa" bila kupiga hesabu hata siku moja. Chukua kalamu kama uko kafe, dakika zako zisiishe.

Shule inafunguliwa siku 194 kwa mwaka. Mipango ya chakula shuleni, kama ile ya WFP, kwa kawaida humpangia mtoto gramu 120 mpaka 150 za nafaka kwa mlo wa mchana, gramu 30 mpaka 40 za maharage, na mafuta kidogo kati ya gramu 5 na 10. Tuchukue kile cha juu, tusiwe wachoyo. Mahindi gramu 150 mara siku 194 ni kilo 29, yaani haifiki hata debe mbili. Maharage gramu 40 ni kama kilo 8, nusu debe. Mafuta lita mbili. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo weka ya kwako ya wiki hii, mimi naweka tuseme mahindi 700 kwa kilo, maharage 2,500, mafuta 5,000 kwa lita. Mahindi inakuja 20,300, maharage 20,000, mafuta 10,000, chumvi mia tano. Jumla 50,800 kwa mwaka mzima. Gawa kwa 194 unapata kama shilingi 262 kwa siku. Ongeza mpishi, kuni na kusaga, tuseme 15,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, unafika 340 kwa siku.

Yaani shilingi 340, wadau! Mzazi huyo huyo anayegoma debe anampa mtoto jero asubuhi "ukanunue chochote". Jero kwa siku 194 ni 97,000. Kwa pesa hiyo mtoto anakula andazi moja gumu, barafu ya rangi na ubuyu, anarudi ulimi mwekundu na tumbo tupu. Kwa 65,800 angekula kande la maharage siku zote za mwaka na chenji ya 31,000 ikabaki. Wale akina mama wanaouza getini siwalaumu, nao wanatafuta mkate wao. Ila tusidanganyane kwamba hatuna uwezo. Wengi wetu tunalipa, tena tunalipa zaidi, ila tunalipia hewa.

Nimesema wengi wetu, sio wote. Kuna nyumba jero yenyewe haipo. Bibi anayelea wajukuu wanne, debe mbili mara nne ni debe nane, na shamba lake ni nusu ekari. Huyo ukimwambia shilingi 340 anakuona umetoka Ulaya. Nitamrudia.

Kwanza kuna hili la muda, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloua mpango wote na ambalo halihitaji hata senti ya mfadhili. Shule zetu zinaitisha mchango wa mahindi lini? Januari, shule zikifunguliwa. Januari huku Mbozi mahindi yako shambani yako kwenye magoti, ghala la nyumbani limeanza kuonyesha sakafu, mbolea imekopwa, kahawa ya mwaka jana imeshaliwa, na hapo hapo sare na viatu. Bei ya debe ndiyo inapaa. Ni mwezi mbaya kuliko yote kumwomba mkulima mahindi! Nenda kwa mkulima huyo huyo Julai au Agosti, mahindi yamejaa uani, wanunuzi wanamlalia bei, anakupa debe mbili huku anacheka. Chukua shule ya watoto 600. Inahitaji kilo 17,400, magunia 174. Tuseme Julai kilo ni 450 na Februari ni 800. Tofauti ni 350 mara 17,400, inakuja milioni 6 na elfu 90. Hiyo ni pesa ambayo wazazi wa kijiji kimoja wanaitupa kwa sababu tu kikao kimeitishwa mwezi usio wake. Ruzuku inayotumwa moja kwa moja shuleni ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka (ni 10,000 lakini 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu), kwa watoto 600 ni milioni 3.6. Kwa hiyo hasara ya kukusanya Januari inazidi ruzuku yote ya shule. Kaa na hilo kwanza.

Utasema, sawa mkuu, tukusanye Julai, magunia 174 tutayaweka wapi? Hilo ni swali la haki. Shule nyingi ghala lake ni kona ya ofisi ya mwalimu mkuu, nyuma ya kabati la mitihani. Nakumbuka enzi zangu (shule nyingine, nayo siitaji) mahindi yaliwekwa kwenye darasa bovu lisilo na madirisha. Kufika Oktoba dumuzi, yule ambaye wazee walimbatiza jina la Scania kwa jinsi anavyopiga kazi, alikuwa ameshasaga mahindi bila mashine. Tulipikiwa kande lenye wadudu wanaelea juu. Tulikuwa tunawachota na kijiko tunawapanga kwenye ukingo wa sahani tunashindana nani kapata wengi. Mwanafunzi bora ni yule aliyefika kumi na tano. Leo nacheka, siku ile nilikuwa na njaa na niliwala baadhi.

Na wadudu ndiyo afadhali, unawaona. Ambacho hukioni ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikula mahindi yenye sumukuvu, wakafa watu wapatao 20. Kenya mwaka 2004 ilikuwa mbaya zaidi, waliugua watu 317 na wakafa 125. Kuvu hii inapenda mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na kuchemsha hakuiondoi, mtu asikudanganye kwamba "moto unaua kila kitu". Sisi huku kwenye baridi na ukungu watu wanapukuchua mahindi hayajakauka sawasawa kwa sababu mnunuzi anasubiri barabarani. Debe la namna hiyo likiingia kwenye ghala la shule linachafua mengine yote. Kuna kipimo cha bure ambacho mzazi yeyote wa kamati anaweza kukifanya: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi ni mabichi, yarudi kwa mwenyewe akayaanike. Isipoganda, karibu ghalani. Ndiyo hivyo tu, hakuna mtaalamu wa kutoka Dodoma wala posho.

Jingine ambalo sijawahi kulisikia likisemwa kwenye kikao. Mahindi ya shule yanatoka nyumba 400 tofauti. Nyumba hii imetia dawa ya vumbi ya kuhifadhi miezi mitatu iliyopita, nyumba ile imetia jana jioni, na nyumba nyingine, Mungu atusamehe, imechanganya mbegu iliyobaki yenye rangi ya dawa. Yote yanamwagwa kwenye sufuria moja. Huko India, jimbo la Bihar, Julai 2013, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni kwa sababu mafuta ya kupikia yalikuwa na sumu ya kuulia wadudu. Sisi ni wakulima wa kahawa, makopo na madumu ya dawa yamejaa kila nyumba, na nimeshaona kwa macho yangu dumu la dawa limeoshwa na kubebea mafuta ya taa, kesho maji. Kwa hiyo kamati ikipokea, iulize umetia dawa lini, iandike, na mafuta ya kula yanunuliwe dukani yakiwa yamefungwa, yasichangwe kutoka majumbani. Basi.

Kuhusu ubora wenyewe wa mlo. Shule nyingi huku zikisema "tunatoa chakula" zinamaanisha uji. Uji wa sembe nyeupe, sukari kama ipo. Uji ni bora kuliko barafu, sawa, lakini sembe iliyokobolewa imeshaachwa kiini na pumba kwenye mashine, ng'ombe na nguruwe ndio wanafaidi. Dona inabakiza zaidi, ingawa ikitoka kwenye mahindi yenye kuvu inabakiza na kuvu pia, ndiyo maana nimeanza na chumvi kwenye chupa. Mlo wenye akili kwa bei yetu ni kande. Nafaka na maharage pamoja, hayahitaji kusagwa, na maharage ndiyo nyama yetu. Hapa tuko jirani na Uyole ambako watafiti wametoa maharage kama Njano Uyole na Uyole 96, mengi yanalimwa kwetu. Parachichi wakati wake zinaoza chini ya miti. Mtoto akipewa robo ya parachichi juu ya kande lake, hayo mafuta tunayoyanunua bei mbaya tungeyapunguza. Hilo nalisema kama wazo, sijaona shule inayofanya hivyo huku, kama ipo nijuzeni.

Kikwazo cha kande ni kuni, linachemka masaa. Na hapa napo serikali imetubana, mwaka 2023 ilitangaza kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kuanzia Januari 2024. Nzuri kwa misitu. Lakini shule ya kijijini yenye sufuria mbili na mafiga, gesi ya watoto 600 inalipwa na nani? Kinachotokea ni kwamba kuni zinaendelea, ila sasa zinaletwa kimya kimya, kila mtoto na kijiti chake asubuhi. Ukiloweka maharage na mahindi usiku kucha muda wa kupika unapungua, mama yeyote wa hapa anajua, lakini nani analala shuleni alinde ndoo zilizolowekwa? Ndiyo mambo madogo madogo yanayofanya mpango mkubwa ushindwe.

Wengine huwa wanasema tusubiri wafadhili. Mnajua kwamba miaka ile ya 2000 WFP walikuwa wanalisha shule Dodoma, Singida, Manyara, Arusha, Shinyanga? Sisi hatukuwemo, na sababu inaeleweka, waliangalia mikoa yenye ukame. Wa Mbozi tuna mahindi, nani atuonee huruma? Na mfadhili naye ana mambo yake. Machi 2024 Wamarekani walileta mchele uliorutubishwa kwa ajili ya shule za Dodoma, Waziri wa Kilimo Hussein Bashe akahoji kwa nini mchele usafirishwe baharini kuja kwenye nchi yenye mchele wake, wangenunua kwa mkulima wa hapa wakarutubishia hapa hapa. Watu walimpiga mawe mtandaoni, wengine wakamshangilia. Mimi hoja yake naikubali asilimia mia, ila swali linarudi kwa serikali yake yenyewe. Haya, mchele wa nje hatutaki, mkulima wa hapa yupo na mahindi yamejaa Mlowo, nani ananunua kwa ajili ya shule?

Majirani wameshajibu, kila mmoja kwa namna yake. Uganda wana sheria ya elimu ya mwaka 2008 inayosema chakula ni kazi ya mzazi, kama sisi, na matokeo yao ni kama yetu. Rwanda walitangaza kwamba kila shule inapika, na kuanzia muhula wa Septemba 2022 mzazi wa shule ya msingi akapangiwa kulipa faranga 975 tu kwa muhula, nyingine inamaliziwa na serikali. Nairobi, kaunti ilianza mwaka 2023 mpango unaoitwa Dishi na County pamoja na taasisi ya Food4Education ya dada mmoja anaitwa Wawira Njiru, mzazi analipa shilingi tano ya Kenya kwa sahani, jiko ni moja kubwa linapikia shule nyingi, mtoto anagusisha bangili mkononi anapewa chakula. Nilichokipenda pale ni bangili. Mtoto aliyelipiwa na ambaye hakulipiwa na mzazi wake bali na mtu mwingine, wote wana bangili ile ile. Hakuna anayejua. Hakuna daftari linalosomwa kwa sauti.

Sisemi Mbozi tununue bangili. Sisi umeme wenyewe una siku zake. Nasema kitu kinachowezekana. Mzazi atoe mahindi, maana ndicho alichonacho, na atoe Julai. Halmashauri itoe maharage na mafuta, maana ndicho kinachohitaji pesa taslimu. Kwa hesabu ile ya juu, maharage na mafuta ni 30,000 kwa mtoto kwa mwaka. Halmashauri inakusanya ushuru wa mazao kwenye kila gunia linalotoka hapa, tunaona mageti barabarani usiku na mchana. Kuna mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa walianza kuusaini mwaka 2017, halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Hiyo buku ni ya watoto wa chini ya mitano. Akifikisha sita anaanza darasa la kwanza, buku haimhusu tena, anatembea kilomita tatu kwenye ukungu wa Juni, na bajeti inamwambia muone mama yako.

Najua mtakaponishika. Halmashauri ikitoa maharage, nani atayala? Swali zuri. Sote tunajua mchezo wa ghala la shule, gunia linaingia kilo 100 linatoka 80, mwalimu wa zamu anapakiwa kwenye hotpoti, mpishi ana watoto, mwenyekiti wa kamati ana nguruwe. Sizungumzii mtu. Dawa yake naijua moja tu, mzani na karatasi. Mzani pale ghalani, karatasi kwenye mti wa mbao za matangazo, leo zimetoka kilo 90 za mahindi na 24 za maharage kwa watoto 600. Mzazi anayepita anasoma. Ufunguo mmoja akae nao mwalimu, wa pili mama wa kamati, kufuli mbili. Walimu nao wale, tena wale hadharani, sahani ile ile, siyo pilau ofisini na kande uwanjani. Mwalimu akila kande lenye wadudu, nakuhakikishieni wadudu watapungua.

Nilisema nitarudi kwa bibi wa wajukuu wanne. Kila kijiji kinajua nyumba zake, nyingine ziko kwenye orodha ya TASAF tayari. Katika nyumba 400 tuseme 40 haziwezi kabisa. Debe zao zikigawanywa kwa nyumba 360 zilizobaki, kila moja inaongeza kama sehemu moja ya tisa, kwa debe mbili ni visadolini vichache. Mtu anayeuza magunia 60 Mlowo hataona hata tofauti. Kinachotushinda siyo mahindi hayo. Kinachotushinda ni yule mwenye pikipiki mbili na duka ambaye hatoi kwa kiburi, halafu watu wanasema kama fulani hatoi mimi nitoe kwa nini. Kwa huyo kijiji kina sheria ndogo, aitwe baraza la kata, apigwe faini. Adhabu ni ya baba. Mtoto wake apewe sahani.

Nilimpeleka dada mpaka shuleni jana yake, tukabeba debe kwenye baiskeli. Mwalimu alitupokea vizuri, mama wa makamo hivi, amechoka. Dada akamsalimia, "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mama, karibuni." Nikamuuliza kwa heshima, mwalimu, hawa wanaokwenda nyuma ya madarasa kwa nini msiwape tu? Akasema, "Mwanangu, mwaka jana niliwapa wote. Mwezi wa tatu mahindi yakaisha. Wale waliotoa wakaja kunifokea hapa hapa mlangoni, mahindi yetu yako wapi." Akafungua daftari akamwandika mtoto wetu namba 211. Darasa la kwanza mpaka la saba wako zaidi ya 500.

Tulipokuwa tunatoka kengele ikagongwa. Wakaanza kuitwa majina. Mtoto wa dada yangu akaitwa wa mwisho kwa sababu ndiyo kaingia, akachukua kande lake, halafu nikamwona anaondoka nalo kuelekea nyuma ya madarasa. Jioni nikamuuliza. Akasema kule yuko rafiki yake Eliza (si jina lake), na jana yeye alimgawia andazi.

Kikao cha wazazi kimeitishwa wiki ijayo Jumamosi saa nne. Ajenda namba tatu ni chakula, nimeona tangazo. Mimi nakwenda na chupa yangu ya chumvi na hii hesabu ya Julai. Wa Mbozi Mission mliopo Mbeya, Dar na Tunduma, wapigieni simu wazazi wenu waende, wasiwaachie akina mama peke yao. Na walioko shule nyingine mniambie kwenu mnakusanya mwezi gani.